Kufuta Diski Yote na Kupiga Windows Upya, Hatua kwa Hatua

Maswali ni yaleyale. "Nimefomati C, mbona D bado ina mafaili ya mwenye mashine wa zamani?" "Nimefuta patisheni zote, sasa Windows inagoma kuingia." "Nimemaliza kupiga Windows ndipo nikakumbuka picha za harusi." Nimechoka kujibu moja moja, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa, kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe.

Jambo moja ulijue mapema: kufuta diski kwenyewe ni kazi ya sekunde moja. Amri yake ina herufi tano. Kazi iko kabla ya hapo, katika kujua unafuta diski ipi na ndani yake kuna nini. Ukiona maandalizi ni marefu kuliko ufutaji, usiruke. Walioruka ndio hao wenye picha za harusi.

## Unataka kufuta kwa kiasi gani?

Neno "kufomati" hutumika kwa mambo matatu tofauti, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia.

Kuna kufomati patisheni (kipande cha diski kilichotengwa) moja, mara nyingi C. Hapo D na nyingine zinabaki kama zilivyokuwa.

Kuna kufuta jedwali la patisheni ili diski nzima ionekane tupu, kama mpya. Hiyo ndiyo kazi ya amri ya clean, na ndiyo inayokufaa ukiwa utaendelea kuitumia mashine mwenyewe. Ila data bado ipo. Ni kama kuchana ukurasa wa yaliyomo kwenye kitabu: sura zote zimo, isipokuwa hakuna anayejua ipi inaanzia wapi. Mwenye programu ya kurejesha mafaili anaweza kuzitafuta.

Halafu kuna kuandika upya juu ya kila kipande cha diski mpaka pasibaki kitu cha kurejeshwa. Hiyo ni ya mashine unayouza au unayompa mtu. Ina sehemu yake huko chini.

Na kuna wakati huhitaji lolote kati ya haya. Kama Windows bado inawaka na shida yako ni programu zilizojazana, ingia Settings, tafuta "Reset this PC", uone kama itakutosha. Kama shida ni uzito wa ajabu, mashine inaganda kila unapofungua folda, pima kwanza afya ya diski. CrystalDiskInfo ni ya bure na inaonyesha hali kwa rangi. Ukiona namba inapanda kwenye mstari wa "Reallocated Sectors" au "Current Pending Sector", diski inakufa, na kupiga Windows juu yake ni kupaka rangi ukuta unaoanguka. Okoa mafaili, nunua diski nyingine.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Flashi ya GB 8 au zaidi. Kila kilichomo kitafutwa, kwa hiyo isiwe ile yenye kazi zako.
- Diski ya nje ya kuhifadhia nakala za mafaili. Isiwe flashi hiyohiyo. Kuna watu wamejaribu.
- Kompyuta inayowaka na yenye intaneti ya kutengenezea flashi. Inaweza kuwa hiihii unayotaka kuifuta, kama bado inafanya kazi.
- Chaja. Usianze na betri peke yake, hata ikionyesha asilimia 90.
- Simu yenye intaneti na waya wake wa USB. Utaona kwa nini.
- Karatasi na kalamu. Sitanii. Funguo na namba utakazozihitaji hazitakuwa na pa kusomwa mashine ikiwa tupu.

Tenga nusu siku. Kupiga Windows kwenye SSD (diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka) hakufiki saa moja, ila kuhamisha mafaili kwenda diski ya nje kunaweza kula muda mwingi kuliko vingine vyote.

## Maandalizi

1. Hamisha mafaili, kisha yafungue.

Documents, Pictures na Desktop kila mtu anazikumbuka. Zinazosahaulika ni Downloads, folda zilizotengenezwa moja kwa moja ndani ya C:\, na data ambazo programu huzificha: mafaili ya PST ya Outlook, hifadhidata za programu za uhasibu (nyingi hukaa ndani ya C:\ProgramData au folda ya programu yenyewe), mafaili ya michezo, alamisho za kivinjari. AppData imefichwa, kwenye File Explorer fungua "View" uweke alama kwenye "Hidden items" ndipo uione. Ukiwa na nafasi, nakili folda nzima ya jina lako iliyo ndani ya C:\Users. Bora ubebe takataka kidogo kuliko kuacha kitu.

Wanaotumia OneDrive, tazameni vizuri. Folda inayosawazishwa ina alama ya wingu au ya vema ya kijani. Folda isiyo na alama yoyote iko kwenye diski yako tu, na itakufa nayo. "Vyangu vyote viko mtandaoni" ni sentensi ninayoisikia sana kabla ya kilio.

Ukimaliza kunakili, chomeka diski ya nje kwenye kompyuta nyingine ufungue vitu vitatu: picha, hati na video. Usiridhike kuona majina ya mafaili. Jina linaweza kuonekana na ndani pasiwe na kitu.

Na programu za kulipia zinazohesabu idadi ya mashine, ziondoe usajili kabla hujafuta. Baadaye utakuwa unawaandikia barua watengenezaji wake.

2. Chukua ufunguo wa BitLocker.

Mashine nyingi za Windows 11 hujifunga zenyewe kwa BitLocker, yaani usimbaji wa diski unaohitaji ufunguo, mara tu unapoingia kwa akaunti ya Microsoft, bila mwenyewe kuombwa ruhusa. Fungua Command Prompt kama msimamizi uandike:

manage-bde -status

Ukiona "Protection On" kwenye C au D, andika:

manage-bde -protectors -get C:

Utapata namba ya tarakimu 48. Iandike kwenye karatasi au ipige picha kwa simu. Pia hupatikana kwenye akaunti yako ya Microsoft, sehemu ya vifaa.

Utauliza: kama nafuta, ufunguo wa nini? Kuna sababu mbili. Ukigusa mipangilio ya BIOS (programu ya ndani ya mashine inayoiwasha kabla ya Windows) halafu ukataka kurudi kwenye Windows ya zamani kuchukua kitu ulichosahau, itakudai namba hiyo. Na kama mashine ina diski mbili, nawe unafuta ya kwanza tu, ile ya pili iliyofungwa itabaki imefungwa, na Windows mpya haitakuwa na ufunguo wake. Kwa hiyo rudia amri ya pili kwa D pia, na kwa kila herufi iliyofungwa.

3. Jua una Windows ya toleo gani.

Settings, kisha System, kisha Activation. Andika kama ni Home au Pro. Laptopu nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 8 au mpya zaidi zina ufunguo wa leseni ndani ya ubao mkuu wa mashine (motherboard), kwa hiyo kufuta diski hakuufuti. Windows mpya huusoma na kujiamilisha, mradi utaweka toleo lilelile. Hilo "mradi" limewasumbua wengi.

4. Beba draiva (programu zinazoiwezesha Windows kutumia vifaa vya mashine).

Hapa ndipo watu hukwama baada ya kumaliza kila kitu: Windows mpya haioni Wi-Fi, na draiva ya Wi-Fi iko kwenye intaneti. Dawa ni amri moja. Tengeneza folda iitwayo draiva kwenye diski ya nje (chukulia ni E), kisha kwenye Command Prompt ya msimamizi:

pnputil /export-driver * E:\draiva

Itanakili draiva zote za ziada zilizomo ndani ya mashine. Ukiirudisha Windows baadaye, zipo.

5. Itambue diski yako kwa ukubwa na kwa jina.

Bado ukiwa kwenye Windows ya zamani, bofya kulia kitufe cha Start, fungua Disk Management. Andika kwenye karatasi: Disk 0 ni GB ngapi, Disk 1 ni GB ngapi, ipi ina C. Bofya kulia jina la diski, "Properties", uandike na modeli yake.

Usishangae namba zisipolingana na lebo. Mtengenezaji huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1024. Diski ya "GB 256" itaonekana 238, ya "GB 500" itaonekana 465, ya "GB 512" itaonekana 476, na ya "TB 1" itaonekana 931.

## Kutengeneza flashi

6. Ingia tovuti ya Microsoft, pakua Media Creation Tool ya Windows unayotaka, ifungue, chagua "USB flash drive", iache ifanye kazi. Wenye uzoefu kidogo wanaweza kupakua faili la ISO (faili moja lenye Windows nzima ya kusakinisha) na kuliweka kwenye flashi kwa programu ya Rufus. Ukiitumia, mfumo wa patisheni uwe GPT (mpangilio mpya) na lengo liwe UEFI (njia mpya ya kuwasha mashine).

Windows 11 inataka TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya mashine), RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 64 kwa uchache, pamoja na prosesa iliyo kwenye orodha yao. Windows 10 iliachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025. Bado inaingia na bado inafanya kazi, ila kwa kawaida haipati tena masasisho ya usalama ya bure. Mashine ya zamani isiyokubali 11 mimi huwa naiwekea Linux Mint, na wenyewe wengi hawalalamiki kwa kuwa wanachofungua ni kivinjari tu.

Onyo: usichukue ISO ya "Windows iliyoamilishwa tayari" kutoka kokote. Unafuta diski ili upate mashine safi, halafu unaingiza kitu kilichochezewa na mtu usiyemjua, kwa mamlaka yote ya msimamizi.

## Kuwasha kwa flashi

7. Chomoa kila kitu cha USB isipokuwa flashi ya Windows, kipanya na kibodi. Hasa diski ya nje yenye nakala zako. Ichomoe, iweke chumba kingine. Nitakueleza kisa chake muda si mrefu.

8. Usizime kwa "Shut down" ya kawaida. Windows ikiwa na Fast Startup huwa haizimiki kikamilifu, na vitufe vya kuingilia menyu hupitwa. Chagua "Restart", na nembo ya kampuni ikitokea gonga kitufe cha menyu ya kuwasha mfululizo. Dell, Lenovo na Acer nyingi ni F12. HP ni F9, au Esc kwanza halafu F9. Asus ni Esc kwenye laptopu na F8 kwenye kompyuta za mezani zenye ubao wa Asus. Kama F12 ya Acer haiitiki, ingia BIOS kwa F2 uiwashe.

Ukishindwa kabisa, na Windows ya zamani inawaka, shikilia Shift huku unabofya "Restart", kisha chagua "Use a device".

9. Kwenye orodha, jina la flashi linaweza kutokea mara mbili. Chagua lenye neno UEFI mwanzoni. Ukichagua lile jingine, mbele utakutana na kosa la MBR (mpangilio wa zamani wa patisheni), utarudi hapa.

## Kufuta

10. Ukifika kwenye skrini ya kuchagua lugha, bonyeza Shift+F10. Kwenye laptopu zingine ni Shift+Fn+F10. Litafunguka dirisha jeusi. Andika:

diskpart

kisha:

list disk

Utaona kitu kama hiki:

Disk 0 — Online — 476 GB — 0 B — *
Disk 1 — Online — 14 GB — 0 B

Nyota ya mwisho inamaanisha diski iko kwenye mfumo wa GPT. Disk 1 ya GB 14 ni flashi yenyewe, ya "GB 16". Disk 0 ndiyo tunayoitaka. Linganisha na karatasi yako. Namba za diski zinaweza kubadilika ukiwasha kwa flashi, kwa hiyo amini ukubwa na modeli, usiamini namba 0 au 1 uliyoandika mwanzo.

Sasa kile kisa. Nilikuwa na laptopu ya GB 500 na diski ya nje ya GB 500 yenye kila kitu changu. Zote zilikuwa zimechomekwa. Orodha ikanionyesha 465 GB na 465 GB, juu na chini, kama mapacha. Nikajiambia ya ndani lazima ni 1, nikaandika, nikabonyeza Enter. Jibu lilikuja kabla sijaondoa kidole: "DiskPart succeeded in cleaning the disk." Kisha nikasikia ile ya nje ikivuma kidogo pembeni ya mkono wangu. Kilichoniokoa ni hicho nilichosema mwanzo: clean inachana ukurasa wa yaliyomo tu. Sikuandika chochote juu yake, nikaipeleka kwenye kompyuta nyingine, programu ya TestDisk ikaipata patisheni iliyopotea. Jioni nzima ilikwenda, lakini mafaili yalirudi.

11. Chagua diski na uitazame tena kabla ya kupiga:

select disk 0
detail disk

Amri ya pili inataja modeli na patisheni zilizomo. Ni hiyo? Soma mara mbili.

12.

clean

Hakuna swali la "una uhakika?". Enter ikibonyezwa, imekwisha. Kisha:

convert gpt
exit

Andika exit tena dirisha lifungike.

Kuna wanaopendelea kufuta patisheni moja moja kwa "Delete" kwenye skrini ya Windows Setup. Inafanya kazi pia. Mimi napenda diskpart kwa sababu inaondoa na zile patisheni ndogo za kampuni ambazo Setup wakati mwingine hukataa kuzigusa. Kumbuka tu kwamba ukifuta yote, na ile patisheni ya kurudisha mashine kama ilivyotoka kiwandani inakwenda. Kwangu hiyo si hasara.

## Kusakinisha

13. Endelea na Setup. Kwenye matoleo mapya ya Windows 11 itakuomba uweke alama kukubali kwamba kila kitu kitafutwa. Kwenye ya zamani chagua "Custom". Ikidai ufunguo wa bidhaa, bofya "I don't have a product key". Ikikuuliza toleo, chagua lile uliloliandika kwenye hatua ya 3.

14. Kwenye orodha ya diski utaona mstari mmoja tu wa diski yako: "Unallocated Space". Bofya mstari huo, kisha "Next". Usitengeneze patisheni kwa mkono. Setup itaunda yenyewe ya EFI, ya MSR ya MB 16, ya Windows, na ya dharura. Nimeona watu wakihangaika kugawa C na D hapa; ukizitaka mbili, zigawe baadaye ukiwa ndani ya Disk Management, kwa utulivu.

15. Mashine itajizima na kujiwasha mara kadhaa. Mara ya kwanza inapojiwasha, chomoa flashi. Ukiiacha, usibonyeze kitufe chochote ukiona "Press any key to boot".

16. Ukifika kwenye skrini ya mtandao bila kuona Wi-Fi, kuna njia mbili. Chomeka simu kwa waya wa USB uwashe kushiriki intaneti kwa USB. Kwa simu nyingi za Android Windows huitambua papo hapo. Au chomeka diski ya nje, bonyeza Shift+F10, tafuta herufi yake kwa kujaribu dir D:, dir E: na kuendelea, kisha:

pnputil /add-driver E:\draiva\*.inf /subdirs /install

Wi-Fi itajitokeza. Ukishaingia ndani, endesha Windows Update mpaka iseme haina kingine, ndipo urudishe mafaili yako.

## Kama mashine inaondoka mikononi mwako

Hapa clean haitoshi, na kisa changu ni ushahidi.

Kwa diski ya kuzunguka, badala ya clean andika clean all. Hii inaandika sifuri juu ya kila kipande. Haionyeshi asilimia wala mstari unaosogea. Kishale kinapepesa tu, na watu huzima mashine wakidhani imeganda. Piga hesabu: diski ya TB 1 inayoandika MB 120 kwa sekunde itachukua kama saa mbili na dakika ishirini. Diski kuukuu itachukua zaidi. Iache, nenda kafanye mengine.

Kupita mara moja kunatosha. Ile hadithi ya kufuta mara 35 ilitoka kwenye makala ya Peter Gutmann ya mwaka 1996, iliyohusu aina za diski za wakati ule, na mwenyewe alikuja kusema haina maana kuitumia nzima kwenye diski za kisasa.

Kwa SSD, usitumie clean all. SSD ina seli za akiba ambazo Windows haizioni, na kidhibiti chake huhamisha data kutoka seli hadi seli kadiri kinavyoona vema. Unaweza kuandika sifuri mwanzo hadi mwisho na bado kukawa na mabaki mahali. Kinachotakiwa ni kuiambia diski yenyewe ijifute. Tafuta "Secure Erase" au "Sanitize" ndani ya BIOS. Laptopu nyingi za kiofisi zinayo. La sivyo tumia programu ya mtengenezaji wa SSD, au washa mashine kwa flashi ya Linux na, kama SSD ni ya NVMe na kifurushi cha nvme-cli kipo:

nvme list
sudo nvme format /dev/nvme0n1 --ses=1

Amri ya kwanza ni ya kuhakikisha jina. Ya pili inamalizika kwa sekunde chache, na hakuna TestDisk itakayokusaidia baada yake.

## Mambo yakikwama

Setup haioni diski yoyote. Kwenye laptopu za Intel kuanzia kizazi cha 11 hili ni la kawaida. Sababu ni kitu kiitwacho VMD, njia ya Intel ya kusimamia diski. Pakua draiva ya Intel RST kutoka tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, ifungue mpaka uone mafaili yenye .inf (faili la .exe peke yake halisaidii), yaweke kwenye flashi, kisha bofya "Load driver". Wengine huzima VMD kwenye BIOS. Hiyo nayo inafanya kazi kwa kuwa unaanza upya, ila usiiguse kama hujamaliza kuokoa mafaili.

"The selected disk has an MBR partition table." Mashine imewaka kwa UEFI na diski ni ya mtindo wa zamani. Shift+F10, diskpart, chagua diski, clean, convert gpt. Bofya "Refresh" kwenye orodha.

"We couldn't create a new partition." Mara nyingi ni flashi nyingine au kadi ya kumbukumbu iliyosahaulika kwenye tundu. Toa yote, rudia clean.

"A media driver your computer needs is missing." Usianze kutafuta draiva. Kwanza hamisha flashi kwenye tundu jingine la USB, kisha itengeneze upya kwa flashi nyingine. Karibu kila mara nilipoliona, flashi ndiyo ilikuwa mbovu.

Diskpart inasema diski imezuiwa kuandikwa. Jaribu attributes disk clear readonly. Ikigoma tena, na ni SSD, huenda imefika mwisho wa maisha yake na imejifunga isomwe tu. "I/O device error" nayo ni waya uliolegea au diski inayokufa.

"This PC can't run Windows 11" wakati mashine ni mpya. TPM imezimwa. Ingia BIOS, tafuta PTT kwa Intel au fTPM kwa AMD, iwashe pamoja na Secure Boot.

Setup inaanza upya kila mara. Hukuchomoa flashi.

Windows haijaamilishwa. Umeweka Pro penye leseni ya Home, au kinyume chake. Tazama karatasi yako. Kama toleo ni sahihi, unganisha intaneti, ingia kwa akaunti uliyoitumia mwanzo, endesha "Troubleshoot" kwenye ukurasa wa Activation.

Umefuta diski siyo. Acha kila kitu. Usipige Windows juu yake, usiigawe, usiifomati. Ichomoe, ipeleke kwenye kompyuta nyingine, uichunguze kwa TestDisk, na chochote utakachookoa ukihifadhi kwenye diski tofauti. Ukiichomeka, Windows itakuuliza kwa upole kama ungependa kuiandaa au kuifomati kabla ya kuitumia. Kwenye SSD, kukubali kufomati huiruhusu diski kutupa data yote ya zamani kwa amri ya TRIM. Bonyeza "Cancel".